Siku Mama Yangu Alipoandikwa Yaya

Watu wakizungumza habari za Jinja ya miaka ile ya utawala wa jeshi husimulia foleni za sukari, sabuni ya magendo, na magari yasiyo na namba. Mimi hukumbuka matembezi ya ziwani. Ndiyo, tulitembea. Tulikula wali, tukavuta kamba, tukapigiwa tarumbeta. Serikali ile ilipenda sana kuona watu wamefurahi, na asiyefurahi aliulizwa sababu.

Kila mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wangu kilituchukua sisi jamaa za wafanyakazi kwenda kushinda Jumapili moja kwenye bustani za kando ya ziwa. Zamani bustani zile hazikuwa zetu. Wazungu walikuwa na klabu yao ya mashua pale, na Wahindi walikuja jioni kuketi kwenye nyasi na watoto wao, wakifungua vyakula vya harufu tamu. Sisi tulipita barabarani tukinusa. Wahindi walipofukuzwa tukaambiwa sasa ziwa ni letu, nami nilishangilia, sitadanganya. Mashua za klabu zilianza kuoza juu ya mawe kwa kuwa waliopewa hawakujua wazifanyie nini, na mimi nikasema afadhali zioze zikiwa zetu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilidhani nimeshapata akili zote.

Tulipanga vyumba viwili Bugembe, karibu na barabara kuu. Mume wangu alikuwa Msoga wa Budondo, fundi wa mashine za kufuma. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika, na vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Uzi ulikatika, akaugusa, ukawa mzima. Mimi ni Mgisu wa Mbale. Nilikulia katika nyumba za askari jela, kwa sababu baba yangu alikuwa mmoja wao, na kule ndiko nilikokipata Kiswahili, lugha ambayo wenzangu wengi waliiogopa kwa kuwa waliisikia tu ikitoka kwa watu wenye bunduki. Mama hakukaa nasi huko; alibaki na kahawa yake mlimani juu ya Mbale, na baba alipofariki aliendelea nayo.

Kwetu na kwa mume wangu makabila ni mawili lakini jambo hili ni moja: mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chombo kimoja cha safari, na wakionana njiani mmoja lazima ajitenge. Mama alipokuja kututembelea hakulala kwangu. Alilala kwa jirani yetu, Mkenya, mke wa dereva wa malori yanayokwenda Mombasa, na mchana mama alikuja kwangu kumbeba mjukuu wake. Mume wangu akirudi kazini alikohoa tangu kwenye ua. Mama akajifunika kitambaa usoni na kuingia jikoni. Kisha wakaamkiana, yeye yuko nje, mama yuko ndani, ukuta wa udongo katikati: habari za mvua, za kahawa, za mbuzi, za mguu unaouma. Maamkizi yale yalichukua muda mrefu kuliko mazungumzo yangu na mume wangu kwa wiki nzima. Mama alimletea malewa, yale machipukizi ya mianzi yetu yaliyokaushwa kwa moshi, naye kila alipopata sukari kilo ya kwanza ilikwenda Mbale. Nikimgombeza mume wangu mama alimtetea kutoka jikoni. Sijawahi kuona watu wawili wakipendana kwa adabu namna ile, na nasema haya ili ijulikane ni kitu gani nilichokivunja.

Mama hakuwa amewahi kuliona ziwa. Kila alipokuja aliniuliza kama ni kweli kwamba ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Mwaka ule alikuja Agosti, na siku ya matembezi ilikuwa imekaribia. Nikasema safari hii ataliona.

Mume wangu hakupenda. Alisema nimpeleke siku nyingine, mimi na yeye tu, kwa teksi. Alisema kwa upole, na mimi nilimjibu kwamba asiwe mshamba. Ukweli ni kwamba nilitaka mama aone zaidi ya maji. Nilitaka aone bendi, aone sufuria za wali, aone jinsi binti yake anavyoishi mjini. Nilitaka arudi mlimani akasimulie.

Tatizo lilikuwa orodha. Meneja mkuu wa kiwanda siku hizo alikuwa kapteni wa jeshi, na kapteni alitaka kila anayekwenda ziwani aandikwe, na iandikwe ni nani wa nani, eti maadui wasijipenyeze. Lori la kwanza lilikuwa la wafanyakazi na jamaa zao, wote pamoja, kila familia ikiitwa na kupanda. Lori la pili lilibeba sufuria, wapishi na mayaya. Ningemwandika mama kuwa ni mama mkwe, angeitwa pamoja na mkwe wake na kubanwa naye kwenye lori moja, magoti kwa magoti, hadi ziwani. Jambo hilo halikuwezekana. Basi nikamwambia karani amwandike yaya wa mtoto wangu. Nilijiona mjanja kweli. Nilipomweleza mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema kumbe nimempatia kazi uzeeni, na kwamba mshahara wake awe mjukuu.

Lazima niseme pia juu ya msimamizi wa idara ya rangi. Miezi michache kabla ya hapo marobota ya vitambaa hayakulingana na alichoandika, labda kwa kosa, labda kwa wizi wa wakubwa wake. Watu waliovaa miwani ya jua wakaja mchana kweupe, wakamtia kwenye buti la gari. Mkewe alikuwa bado Bugembe, bado anamfulia mashati. Sote tulijua kwamba kosa lake lilikuwa kwenye karatasi.

Jumapili ile ilianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Mama alivaa gomesi yake ya kitambaa cha zambarau, gauni refu la mkanda kiunoni, aliyoivaa kanisani tu. Alipanda lori la sufuria, na tulipofika alishuka akiwa amekumbatia mwiko. Mume wangu na wanaume wengine walikwenda upande wa mashua. Wanawake tukakaa chini ya miti, mbali. Nilimpeleka mama ukingoni. Akainama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akamnawisha mtoto uso.

Aliniambia kwa Kigisu kwamba ni kweli, hakuna ng'ambo, na kwamba waliokuwa wakimwambia hivyo alikuwa akiwadharau bure.

Aliniuliza pia kwa nini samaki wa kukaanga walikuwa wamejaa kwenye meza na hakuna mtu wa kiwandani aliyewagusa. Wakati huo watu wengi wa Jinja walikuwa wameacha samaki, kwa sababu ya maiti zilizokuwa zikionekana mtoni karibu na bwawa. Nikamjibu kwamba samaki ni wa wageni. Siku ile nilikuwa na uongo wa kutosha kumgawia kila mtu.

Michezo ilikuwa mingi. Mbio za yai na kijiko zilikimbiwa kwa ndimu, mayai yakiwa yamepotelea njiani. Wafumaji walivuta kamba na watu wa ghala wakawaburuza mpaka kwenye matope. Mashua mbili bado zilielea, kwa hiyo kukawa na mashindano, idara ya mume wangu ikipambana na wanajeshi wa kapteni. Wafumaji walikuwa mbele, kisha wote nikawaona wanapiga makasia polepole kama watu waliougua ghafla. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Wanajeshi wakashinda, tukapiga makofi, bendi ikapiga.

Kapteni alikuwa amekunywa, lakini hakuwa mlevi. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kupendeza. Ningependa kusema alikuwa shetani, ingenisaidia. Alitaka mbio za miguu mitatu: mwanamume na mwanamke wafungwe mguu kwa mguu, washikane, wakimbie. Watu waliposogea na wake zao akawakataa. Alisema mume na mke wamezoeana, hawachekeshi. Yeye mwenyewe atachagua. Akaanza kuzunguka, akimfunga mpishi na mhasibu, mwanamke mnene na kijana mwembamba, na kweli watu walicheka, mimi nikiwemo.

Akafika tulipokuwa. Akamwona mama, na mtoto mgongoni.

"Hii mzee ni ya nani?" akauliza.

Karani alifungua orodha yake haraka. "Ni yaya, Afande. Yaya ya fundi ya mashine, ile pale."

Kapteni akacheka. Akasema kila siku bwana anatumia mikono ya yaya, leo atumie miguu yake. Akamtuma askari kumleta mume wangu. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na pengine kwa sababu uso wangu ulikuwa umebadilika.

"Mama, ni kweli? Hii ni yaya yako?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Nyuma yangu walikuwepo wanawake wa Bugembe waliojua kila kitu, waliokuwa wamemsikia mume wangu akikohoa uani. Mimi nilikuwa naiangalia ile orodha mikononi mwa karani, nikimwona yule msimamizi wa rangi na mashati yake.

"Ndiyo, Afande," nikasema. "Ni yaya."

Mama hakujua Kiswahili. Aliniuliza kwa Kigisu yule mkubwa anasema nini. Nikamwambia anataka akimbie kwenye mchezo. Akauliza akimbie na nani. Hakukuwa na haja ya jibu, kwa sababu mume wangu alikuwa ameshaletwa.

Mama alijifunika kitambaa na kugeuza mgongo. Askari akafikiri ni haya ya kizee, akamgeuza kwa mabega. Akamwambia ainue gomesi. Kwa kuwa hakuelewa, askari akaipandisha yeye mwenyewe mpaka kwenye goti. Nilikuwa nimempokea mtoto. Nililiona goti la mama yangu, na mume wangu naye akaliona, kisha akafumba macho. Wakawafunga kwa kipande cha kitambaa cha kiwanda chetu, cheupe chenye mistari ya bluu, mguu mtupu wa mama kwenye mguu wa mkwe wake. Wakaambiwa washikane kiunoni. Mume wangu alinyoosha mkono kama ubao, bila kukunja vidole.

Filimbi ikalia. Walikwenda hatua nne au tano. Yeye bado alikuwa amefumba macho, mama alikuwa anashika kitambaa cha usoni kwa mikono miwili, basi wangewezaje kukimbia? Walianguka, mume wangu juu yake. Kitambaa kikatoka. Wageni na wanajeshi walicheka sana. Watu wa Bugembe wakatazama chini. Bendi ikaendelea kupiga. Waliinuka, wakaanguka tena, wakafika wa mwisho kabisa. Kapteni akasema hao ndio waliomfurahisha kuliko wote, akawapa zawadi: mche wa sabuni na pakiti ya sukari. Mume wangu alipokea kwa mikono miwili akasema asante, Afande.

Kisha ikabidi wafunguliwe. Fundo lilikuwa limekazwa na kulowa jasho. Mume wangu aliinama kulifungua, yeye ambaye vidole vyake viliunga nyuzi elfu kwa siku, na hakuweza. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mwishowe askari alikata kwa kisu.

Mama hakurudi kwenye lori la sufuria. Aliishusha gomesi, akaikung'uta, akatembea kuelekea barabarani. Nilimfuata na mtoto huku nikimwita mayi, mayi, kama nilivyomwita nikiwa mdogo. Hakugeuka. Alisimamisha basi la Mbale na kupanda, na kikapu chake kikabaki kwa jirani Mkenya.

Mume wangu hakunigombeza. Natamani angenigombeza. Aliiweka ile sukari juu ya kabati na hakuna aliyeifungua. Mikono yake iliendelea kutetemeka, asubuhi akinywa chai, mchana kwenye mashine. Wasoga wanajua ugonjwa huo. Wanasema humpata aliyevunja heshima ya ukwe. Daktari alisema ni woga. Sikuona tofauti. Nyuzi zilimshinda, mashine zikasimama, na kabla ya Krismasi wakamtoa kwenye kufuma wakampa ufagio wa ghala.

Wazee wa Budondo walituelekeza la kufanya. Mwanamume aliyemgusa mama mkwe wake apeleke kondoo jike na gomesi mpya. Mama mkwe akipokea, aibu imeoshwa. Tulikwenda Mbale mwezi wa Januari na wazee wawili. Mambo yalifanyika kama inavyotakiwa. Mume wangu alikaa mbali uani, ameinamisha kichwa, na mjomba wangu akapeleka kondoo na nguo nyuma ya nyumba. Mama akapokea. Alituma maneno kwamba mkwe wake ni mwanawe, hana deni naye, alale usingizi. Mume wangu alilia mbele ya wanaume wenzake bila kujificha. Mikono yake ilitulia baada ya hapo, ingawa kwenye mashine hawakumrudisha.

Hapo nikadhani yamekwisha. Wanaume walipokuwa wanakula, nilimfuata mama. Alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka, gomesi mpya ikiwa imekunjwa juu ya kigoda. Nilipiga magoti, nikamsalimia, akaitikia vizuri. Akauliza hali ya mtoto.

Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Nilikuwa na habari pia, na sijui kwa nini nilidhani itatusaidia. Mke wa mmoja wa wale wanajeshi, niliyekutana naye kwenye foleni ya chumvi, alikuwa ameniambia kwamba kwa watu wa kapteni mambo ni hayo hayo. Kule kwao mtu akimwona mama mkwe wake njiani huingia porini mpaka apite. Alishangaa kwamba siku ile ya ziwani nilinyamaza. Alisema ningetamka neno mkwe tu, yule mtu angeruka nyuma. Labda. Labda angeichukua orodha ile na mume wangu pamoja nayo. Mpaka leo sijui, na waliokuwa wanaweza kuniambia wamekufa au wamekimbia nchi.

Habari hiyo sikumpa mama. Nilimwambia tu kwamba zilikuwa siku mbaya, kwamba tulilazimishwa sote.

Aliendelea kuigeuza kahawa kwa kiganja, akiokota mawe.

"Mkwe wangu walimfunga mguu," alisema. "Nami walinifunga mguu. Wewe ulikuwa umesimama tu na mtoto. Nani alikufunga mdomo?"

Nikasema niliogopa.

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa." Alitupa jiwe pembeni. "Lakini nilikusubiri. Yule askari alifunga polepole, na mimi nilikusubiri mpaka akamaliza kukaza fundo."